Magoti ya Mama Mutheu

Juzi walinitembelea vijana wa udaktari, wakanikuta shambani napalilia maharagwe. Wakacheka, eti hawakujua mpasuaji anaweza kushika jembe. Nikawaambia mkono ni mkono, na haya maharagwe hayaniiti usiku wala mchana. Mmoja wao, msichana mjuaji (usinune, mwanangu, ulikuwa mjuaji), akanifungulia simu yake, akanionyesha picha za tumbo zilizopigwa na ile mashine inayomkata mtu vipande kwa picha. Mgonjwa wao alikuwa na henia ya ndani. Waliiona kabla ya chai ya saa nne, mchana wakamfungua, kufikia jioni ya pili mtu anaomba uji. Wakaningojea nishangilie.

Sikushangilia. Nilishikwa na hasira mpaka nikasahau kuwakaribisha ndani. Wakaondoka wakidhani bibi kizee amechoka na jua. Sikuchoka na jua. Kwa hivyo nakaa chini kuwaeleza, wao na nyinyi wengine mnaojifunza kazi hii, kwa nini picha ile ilinikera.

Henia ambayo kila mtu anaijua ni ile ya nje. Uvimbe kinenani au kitovuni, ukikohoa unatokeza, ukilala unarudi. Hata fundi wa baiskeli hapa Machakos mjini ataitambua. Ya ndani haitokezi popote. Wako watu wanaozaliwa na mfuko nyuma ya utumbo mpana, mara nyingi upande wa kushoto, na mdomo wa mfuko uko wazi. Utumbo mwembamba unateleza, unaingia humo, unatoka, unaingia tena. Mtu anaweza kuishi hivyo mpaka uzee. Lakini ukiingia ukabanwa, chakula hakipiti. Ukijisokota, damu nayo haipiti, na utumbo usiopata damu unaoza mtu akiwa macho anakutazama.

Sasa utamjuaje? Kwanza, funga mdomo, umsikilize. Anaumwa akila au akiwa na njaa? Akishiba sana, je? Ametapika rangi gani? Ikiwa ni kijani, amka kwenye kiti. Amejamba lini mara ya mwisho? Msione haya. Mimi nimemwuliza askofu swali hilo mbele ya msaidizi wake, na alijibu vizuri tu. Halafu kagua kinena pande zote mbili, halafu tafuta kovu la upasuaji. Tumbo lililofungika, kinena safi, kovu hakuna: hapo ndipo wengi wanapopumua na kusema ni gesi. Mimi nawaambia hapo ndipo pa kuogopa.

Kuuliza na kukagua hivyo nilifundishwa na daktari mkuu wetu, Mzee Mulwa. Hospitali sitaitaja, na jina lake lenyewe nimelibadilisha, kwa sababu ana wajukuu. Mzee Mulwa alikuwa na mikono ambayo sijaiona tena. Wagonjwa walitoka Matuu, walitoka Athi River, wakipita hospitali nyingine njiani, ili tu washikwe na yeye. Nilipofika pale nikiwa daktari mdogo, mwanamke peke yangu thieta, chumba cha upasuaji, wazee walikuwa wakiniangalia na koti langu jeupe halafu wananiuliza, "Mwiitu, daktari yuko wapi?" Yaani, msichana, mwenyewe yuko wapi. Mulwa alikuwa akiwajibu, "Ndiye huyo. Mkimkataa, mimi naenda kulala." Kwa hilo nilimpenda. Nataka mlijue mapema, kwa sababu nitamsema vibaya.

Mulwa alinifundisha kungoja. Ukitoa utumbo mahali ulipobanwa, ukauona umekuwa wa zambarau, usikimbilie kisu. Ufunike na vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi ya moto kiasi, utulie. Angalia rangi ikirudi, angalia kama unacheza ukiugusa, shika mishipa yake usikie kama inapiga. "Mpe nafasi ajibu," alikuwa akisema, kana kwamba utumbo ni shahidi mahakamani. Nimeokoa matumbo mengi kwa kungoja tu.

Lakini pale thieta palikuwa na desturi. Daktari akifungua tumbo na asipate kitu ndani, alinunulia watu wote wa thieta chai na mandazi, na walimcheka wiki nzima. Nani aliianzisha, sijui. Nilipofika niliikuta, na ilikuwa raha, msinielewe vibaya. Mtu wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kwa dawa, alikuwa akiimba, sista anauliza kama mandazi yatakuwa ya iliki, na daktari mwenyewe anafuta jasho. Mulwa hakuwahi kuinunua hiyo chai. Hilo lilikuwa fahari yake. "Tumbo si sufuria," alikuwa akituambia, "ufunue uone kama kumeiva." Tulikuwa tukicheka kila mara. Na kila mara, bila kujua, tulijifunza kuogopa mandazi kuliko kuogopa kifo cha mgonjwa.

Sasa Mama Mutheu.

Alikuwa mkulima wa upande wa Yatta, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisani, na aliuza matunda soko la Matuu. Binti yake wa kwanza ndiye Mutheu. Alipoletwa kwetu mara ya kwanza alikuwa ameshapewa dawa za amiba, za taifodi, za alsa, halafu za taifodi tena. Miaka hiyo ukiumwa tumbo ulikuwa na taifodi mpaka uthibitishe vinginevyo. Mwili umekonda kwa sababu aliogopa chakula. Akanieleza kwamba akila kidogo hana shida, lakini akishiba, hasa akishiba muthokoi, lile pure letu la mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uchungu unamshika hapa kushoto juu ya kitovu mpaka anatapika.

"Na unafanya nini uishe?" nikamwuliza.

"Naomba, daktari."

"Unaomba vipi?"

Akanitazama kama anayejiuliza huyu ni mpagani wa wapi. Halafu akashuka kitandani akanionyesha. Akapiga magoti, akaweka viwiko sakafuni, paji la uso likagusa simenti, makalio juu. "Hivi. Nakaa hapo, naomba, halafu nasikia kitu kinateremka ndani, na uchungu unaenda."

Jamani, moyo wangu uliruka. Sikuwa nimeshuhudia henia ya aina hiyo kwa macho, lakini nilikuwa nimesoma. Mtu akiinama vile, tumbo linaning'inia, na utumbo ulioingia mfukoni unaweza kuteleza ukatoka wenyewe. Nikampeleka eksirei mara moja, uchungu ukiwa bado upo. Picha ikatoka na mikunjo ya utumbo imekusanyika kushoto, pamoja, imejaa hewa, kama imefungiwa ndani ya mfuko. Nikakimbia nayo hadi ofisi ya Mzee Mulwa.

Tuliporudi wodini Mama Mutheu alikuwa ameshapiga magoti yake, ameshapona, na anakunywa uji.

Mulwa akambonyeza tumbo. Laini. Akambonyeza tena, mama akacheka kwa sababu ya kutekenywa. Mulwa akanigeukia. "Mwiitu wakwa, unataka nimfungue mtu anayekunywa uji?"

"Mzee, angalia picha. Na anapata nafuu akiinama. Gesi haijali kama umeinama au umesimama."

"Na Mungu, je? Yeye pia hajali?"

Wodi nzima ikacheka, hata mgonjwa. Sista akauliza kama aagize mandazi. Nikasema mfuko uko pale, na ipo siku utakataa kuuachilia utumbo. Mulwa akaweka mkono begani mwangu, kwa upole kabisa, akasema kwamba nikishaufungua na kuukuta mtupu, nitajua kwa nini anakataa. Na kweli, angefunguliwa wakati ule, utumbo ukiwa umesharudi mahali pake, mtu asiyejua kutafuta mdomo wa mfuko angesema hakuna kitu. Lakini mimi nilijua pa kutafuta! Nilimwambia hivyo. Akasema orodha ya thieta ni yake.

Kabla hajaenda nyumbani nilimkalisha Mama Mutheu na mumewe nikawaambia, "Kula kidogo kidogo. Na siku utakapopiga magoti na uchungu ukatae kwenda, usingoje. Njoo." Baba Mutheu, mtu mfupi, mkimya, akaitikia kwa kichwa. Mama Mutheu akasema, "Ndiyo, daktari," kwa ile sauti watu wanayotumia kumwondoa daktari.

Nitawaeleza kitu kingine, ndipo mwone uchungu wangu unatoka wapi. Miezi hiyo hiyo aliletwa kijana mmoja mfanyakazi wa kiwanda Athi River. Tumbo limevimba, anatapika kijani, hajapitisha hewa toka jana yake. Alikuwa na kovu refu, kwa kuwa alishawahi kukatwa kipande cha utumbo hospitali nyingine. Mulwa akaliona kovu tu, akasema, "Thieta." Tukafungua. Aliyemfanyia upasuaji wa kwanza aliunganisha utumbo vizuri sana, akasahau kushona lile pazia linaloushikilia, na utumbo ulikuwa umepenya kwenye pengo lililoachwa. Hiyo pia ni henia ya ndani, ila hii ni ya kutengenezwa na sisi. Tukauvuta polepole, tukaufunika, tukangoja, rangi ikarudi. Tukashona pengo. Akarudi kiwandani kwake na kovu la pili. Shikeni hilo: mkikata utumbo, shoneni na pazia. Na lingine, ambalo halimo vitabuni: kijana yule aliokolewa na kovu lake. Tulikuwa na hakika kwamba hatutanunua chai.

Mama Mutheu hakuwa na kovu.

Alirudi. Kila safari uchungu ulikuwa umeshaisha njiani, kwa sababu alipiga magoti nyuma ya gari, au kando ya barabara. Nikapigania apelekwe Nairobi akanyweshwe ile dawa nyeupe, apigwe picha ikipita tumboni. Alienda akiwa hajala, hana uchungu, utumbo umekaa mahali pake kwa adabu. Picha safi. Mulwa akanionyesha majibu. Kumbe tulikuwa tumeenda kumpiga picha mwizi akiwa kanisani. Picha hiyo inafaa ipigwe uchungu ukiwepo, nilisema toka mwanzo, lakini nani alikuwa anasikiliza? Pale wodini walishampa jina, "Yule wa Magoti."

Na kule kwao jina lake lilikuwa kubwa zaidi. Kanisani alikuwa ushuhuda. Mtu anashikwa na tumbo mbele ya watu, anapiga magoti, anasimama mzima! Wagonjwa wengine walianza kuletwa wapige magoti kando yake. Siwacheki wale akina mama wa kanisani. Waliona kwa macho yao kitu kinachofanya kazi, na kilikuwa kinafanya kazi kweli. Sisi tuliosomea ndani ya tumbo kuna nini ndio tungewaambia kwa nini.

Ikaja sherehe ya mavuno. Mwaka huo mvua ilikuwa nzuri, watu walipika, na Mama Mutheu akala kama watu. Alasiri uchungu ukamshika. Akapiga magoti. Haukwenda. Akina mama wakamzunguka, wakaomba. Haukwenda. Alipotaka kusimama, wakamwambia avumilie, asikate tamaa katikati ya maombi. Alipoishiwa nguvu za kukaa magotini, wakamshika huku na huku asianguke. Asubuhi ndipo Baba Mutheu, yule mkimya, aliposukuma watu, akambeba mkewe, akampandisha pikapu ya jirani.

Wakafika kwetu mapema. Mapema! Mimi nilikuwa thieta na mgonjwa mwingine. Daktari wa zamu akamtazama, akamtambua. "Aa, ni yule wa magoti. Mpeni dripu na kitanda, itapita." Akamwandikia dawa za taifodi. Nilipotoka nikapita wodini kwa bahati tu, jua limeshapita utosini, nikamkuta. Ngozi baridi, mapigo yanakimbia, tumbo gumu, nikiweka sikio sisikii kitu ndani. Tumbo linalougua hupiga kelele. Likinyamaza kabisa, omba msaada. Hata sikuita, nilipiga mayowe.

Mulwa alikuja. Akaweka mkono mmoja tu, akasema, "Thieta," na sura yake ikawa ya mtu mwingine.

Ulikuwa pale, mfuko wenyewe, kushoto, vilevile. Kwenye ukingo wa mdomo wake hupita mshipa mkubwa wa damu; ukipanua kwa pupa utaukata, mgonjwa afie mikononi mwako. Mulwa alipanua upande wa chini, kwa mkono ule ambao sijauona tena, akautoa utumbo wote. Mweusi. Tukaufunika. Tukangoja. Tukabadilisha vitambaa, tukangoja tena. Mulwa alingoja kupita kiasi, mpaka mtu wa usingizi akakohoa. Haukujibu. Tukaukata, na kilichobaki cha utumbo mwembamba hakikuzidi urefu wa mkono wangu. Halafu akaushona mdomo wa mfuko. Nyuzi chache, kazi ya muda mfupi kuliko kupika ugali. Mtu wa usingizi, kwa mazoea tu, akasema, "Basi leo hakuna chai, tumepata." Mulwa akavua glavu akatoka.

Sasa hivi mnajua kumlisha mtu kwa mshipa. Sisi hatukuwa nayo hiyo, na Nairobi walikaa naye kidogo wakamrudisha. Mama Mutheu aliamka, kidonda kikapona vizuri, na akala. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Alikula! Nilimtembelea kwao, akanikaribisha na bakuli mkononi. "Daktari, nimekula muthokoi mpaka nikashiba, na sikuinama." Alikuwa anacheka. Chakula chote kilikuwa kinapita kikatoka, mwili haupati kitu, na mashavu yalikuwa yameshaingia ndani. Mutheu alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia nimwambie mama yake anaendelea vizuri. Nikamwomba maji ya kunywa.

Alikufa kabla ya mvua nyingine. Ni njaa iliyomuua, na bakuli lilikuwa limejaa.

Baba Mutheu alikuja hospitali baada ya mazishi. Alitukuta mimi na Mulwa tumesimama nje ya wodi. Alivua kofia. Hakuja kulalamika, alikuja kuuliza.

"Daktari, hiyo shimo ilikuwa hapo toka lini?"

"Toka azaliwe," nikasema.

"Na kuishona ni kazi ngumu?"

Nikamtazama Mulwa. Alikuwa anatazama chini. "Si ngumu," nikasema.

Halafu akauliza lile lililomleta. "Ile usiku tulimshikilia kwa magoti. Mimi pia nilimshikilia. Niko na hiyo kitu kwa roho. Ni sisi tulimuua?"

"Hapana. Angefunguliwa siku ya kwanza kabisa mlipomleta, angekuwa hai. Nyinyi mlimleta. Ni sisi hatukumfungua." Nilisema kwa sauti ya kutosha, Mulwa asikie. Na nikamweleza yote: mfuko, utumbo unavyoteleza, kwa nini kuinama kulimsaidia miaka yote ile na kwa nini siku ile kusingemsaidia hata angeomba nani.

Mulwa akasema, polepole, "Ni kweli, Baba Mutheu. Ni mimi niliyekataa." Ni mara moja tu nilimsikia akisema hivyo juu ya jambo lolote. Desturi ya chai iliendelea baada yake, msijidanganye.

Baba Mutheu alinigeukia. Alikuwa anageuzageuza kofia mikononi, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Asante kwa kuniambia," akaniambia mimi. "Lakini hiyo mngemwambia yeye. Kila siku akiwa kwa kitanda alikuwa ananiuliza ni dhambi gani alifanya, Mungu akakataa maombi yake mara hiyo moja. Amekufa akiitafuta."